Daktari na Dume Langu Lisilokuwepo

Tulimwita Daktari, ingawa hakuwa daktari, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kukusahihisha. "Mimi ni mpandishaji," alisema. "Daktari yuko Nyeri mjini, na ako na ofisi iko na pazia." Ukishasahihishwa uliendelea kumwita Daktari, naye akaitika. Alizaliwa wapi, mwaka gani, baba yake alikuwa nani, hayo sikuwahi kumuuliza. Mtu aliyeingiza mkono mpaka begani ndani ya ng'ombe wa kila boma, kutoka kwetu mpaka njia ya kwenda Karatina, ukoo wake ni wa nini?

Kazi yake ilikuwa kupandisha ng'ombe bila dume. Mbegu ya madume makubwa ya ng'ambo, hasa Kanada, ililetwa imeganda kwenye mirija myembamba, ikakaa ndani ya mtungi uliotoa moshi wa baridi ukifunguliwa. Zamani gari la serikali lilipita kila asubuhi likiwa naye ndani, nasi tukasimama kando ya barabara na ng'ombe wetu tukilingoja. Miaka ya tisini gari likaacha kupita, tukangoja siku tatu nne kama wajinga, na siku ya tano akatokea Daktari kwa pikipiki yake mwenyewe, mtungi umefungwa nyuma kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Alikuwa na koti refu la kijani, kofia ya kahawia, na mikono iliyonuka sabuni kila saa ya siku. Mama yangu alisema hajawahi kuona mwanamume mwenye mikono safi namna ile anayefanya kazi chafu namna ile.

Mrija ukitoka kwenye baridi lazima upashwe joto kabla ya kutumika. Daktari alikuwa na bakuli na kipimajoto cha kazi hiyo, lakini hakuviamini. Aliutia mrija kwapani, akaubana, akaketi kwenye kigoda, akaomba chai. Ukitaka kumsalimia kwa mkono wa kulia alikupa wa kushoto na kusema, "Pole, niko na Mkanada hapa." Nimemwona akiwa na Mkanada kwapani akinywa chai, akimwamkia chifu, na siku moja akisimama kwa adabu wakati mzee wa kanisa akiombea boma letu sala ndefu iliyotaja mpaka kuku. Sala ilipoisha Daktari aliutazama mrija, akaguna. "Huyu ameiva kabisa," akasema, akaenda kuchukua mwingine. Tangu siku hiyo, Daktari akiwa kwetu, mama hakumruhusu yule mzee aombe zaidi ya sentensi mbili.

Neno lake kubwa lilikuwa "Tuangalie kwanza." Ng'ombe amekataa nyasi: tuangalie kwanza. Mvua imechelewa: tuangalie kwanza. Mwaka ule wa uchaguzi wa vyama vingi vijana walimzunguka sokoni wakitaka kujua atampigia nani kura, akawaambia tuangalie kwanza. Wakakasirika, wakasema huyo ni wa serikali. Wa serikali walikuwa tayari wamesema ni wa upinzani. Yeye akawasha pikipiki akaenda zake, kwa sababu kulikuwa na ng'ombe aliyekuwa kwenye joto na joto la ng'ombe halingoji kura.

Aliwahi kwenda Doldol kununua mbuzi. Huko wafugaji walimuuliza anafanya kazi gani, akawaeleza vizuri: dume linabaki kwao mbali, mbegu yake inasafiri kwa ndege, mimi naitia kwa ng'ombe. Mzee mmoja akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na dume lenyewe linapata nini?" Daktari alirudi na mbuzi wawili na swali hilo. Kwa miezi alikuwa akilirudia juu ya vikombe vya chai za watu. "Miaka ishirini nimefanya hii kazi," alisema, "na hakuna mtu aliniuliza." Ungedhani yeye ndiye aliyenyang'anywa kitu.

Sasa nikwambie jambo la ajabu juu yake. Jambo la ng'ombe alilisema lote, mbele ya yeyote, hata mbele ya padri, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Lakini jambo hilohilo la binadamu lilimfunga ulimi. Masikio yakawa mekundu, akavua kofia yake akaanza kuitazama. Mke wake alipojifungua binti wa nne, Daktari alikuja kwetu asubuhi, akasimama mlangoni, akatangaza, "Kule kwangu tumepata jike, na mama yake amekula vizuri." Habari zikamfikia mke wake kabla ya saa sita. Daktari alikula kwetu siku mbili.

Ulimi huo uliofungwa ndio uliookoa nyumba yangu, na ndio maana namwandika.

Nilioa nikiwa na miaka ishirini na sita. Mke wangu, Nyawira, alikuwa mcheshi na mwenye mikono ya kazi, na mwaka wa kwanza mama yangu alimsifu mpaka kwa majirani. Mwaka wa pili akapunguza sifa. Wa tatu akaanza kumtazama tumbo kabla ya kumtazama uso. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa mume, na hiyo ndiyo namna ya mama huyo kuzaliwa upya. Mama yangu anaitwa Wairimu. Wenzake wote wa kikundi cha kanisa walikuwa wameshazaliwa, wengine mara tatu nne, na walikuwa wakiwaleta hao wajina wao kanisani wamevalishwa sweta. Mama alikuwa akirudi na hasira.

"Mimi naenda kufa bila kuzaliwa?" aliniuliza siku moja, Nyawira akiwa hatua tano kutoka hapo akipepeta maharagwe. "Ulioa mtu ama ulioa mti?"

Akaanza kuleta mizizi. Alichemsha mizizi ya kila kichaka kisicho na jina, akaitia kwenye supu, akasimama hapo mpaka Nyawira amalize bakuli. Mwaka wa nne alisema wazi kwamba kama hakuna mtoto kufikia msimu mwingine wa kahawa, Nyawira arudi kwao, na yeye mwenyewe ataenda kuzungumza na watu wa familia fulani ya Murang'a yenye wasichana wenye afya. Nilimpenda mke wangu. Nilimwogopa mama yangu. Nikafanya kile wanaume wengi wa kwetu hufanya wakiwa katikati ya vitu hivyo viwili: nikaenda kulisha kuku.

Tangu mwaka niliooa nilikuwa na kuku mia mbili wa nyama, wale weupe wasiojua hata kupanda kwenye kijiti. Siku hizo kulikuwa na habari kwamba ukiwalisha kuku vidonge vya kupanga uzazi, wananenepa kwa wiki tano badala ya saba. Nani aliianzisha sijui, lakini hakuna mfugaji wa kuku aliyekuwa hajaisikia. Vidonge havikuwa shida kupata. Wanawake wengi walivichukua zahanati ili wasimkosee adabu muuguzi, kisha wakaogopa waume zao wasivione. Mimi nilivichukua, nikawapa debe la samadi kwa bustani zao. Kila mtu alifurahi. Kila asubuhi nilikaa kwenye banda dogo bila dirisha, nikaviponda kwa mchi, nikapepeta unga, nikachanganya na chakula cha kuku kwa mikono yangu mitupu. Jioni nilikula maini na firigisi zao. Fikiria upumbavu wa mtu anayelilia mtoto huku anaponda dawa ya kuzuia watoto kwa kilo. Mimi sikuuona. Kwangu vile vidonge vilikuwa chakula cha kuku, basi.

Daktari ndiye aliyeona kitu. Siku moja alinisaidia kushusha gunia la pumba, likanigonga kifuani nikaruka kama mtu aliyechomwa. Kifua changu kilikuwa kimevimba kidogo chini ya chuchu na kilikuwa kikiuma. Nilikuwa nimenyamaza, nikifikiri ni kikohozi. Daktari akanitazama kifua, akatazama kofia yake, akasema ana haraka.

Wiki moja baadaye nikamfuata kwake. Nilikuwa nimepanga maneno yangu njia nzima, nikafika yakanitoroka yote. Mke wake alikuwa anamenya viazi sebuleni. Nikajikuta nasema, "Daktari, niko na dume. Sijui kama linazalisha."

Kumbuka kwamba mtu huyu alijua kila mkia katika mtaa wetu. Alijua mimi nina ng'ombe mmoja jike mwenye jicho bovu, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyempandisha Aprili. Hakusema hivyo. Akaketi polepole, akauliza, "Dume liko na miaka mingapi?"

"Thelathini," nikasema.

Mke wake aliacha kumenya viazi. Daktari hakutikisika. "Si mzee," akasema. "Na linapanda?"

"Linapanda."

"Kwa mapenzi?"

"Sana," nikasema, nikaanza kutoka jasho.

"Basi tuangalie kwanza."

Alikuwa na hadubini, ya zamani, nzito, ambayo aliitumia kuangalia kama mbegu ndani ya mirija imefia njiani. Ilikaa juu ya cherehani, imefunikwa na kitambaa cha kufuma chenye maua ya njano, na wageni walidhani ni kitu cha kanisa. Akaniambia nilete mbegu ya dume asubuhi, kabla ya saa tatu, kwenye chupa safi, na isipate baridi. "Wewe umeniona vile mimi hubeba," akasema, akitazama ukuta.

Kwa hivyo asubuhi iliyofuata nilitoka nyumbani nikiwa na chupa ndogo ya dawa ya kikohozi, iliyooshwa na kuchemshwa na Nyawira, ikiwa imebanwa kwapani chini ya sweta mbili. Nyawira alijua yote. Alinisindikiza mpaka kwenye ua na kuniambia nitembee kama mtu wa kawaida. Kulikuwa na ukungu, mlima haukuonekana, nikafikiri hata watu hawataonekana. Mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa mama yangu, anatoka shambani na mzigo wa nyasi za ng'ombe uliomshinda.

"Umetumwa na Mungu," akasema. "Shika huku, tunyanyue."

Mzigo ule ulihitaji mikono miwili. Mimi nilikuwa na mmoja na nusu. Nikasimama hapo. Mama akanitazama, nikamtazama, chupa ikaanza kuteleza, nikaibana zaidi.

"Mama, siwezi."

"Huwezi nini?"

"Siwezi kunyanyua mkono."

"Umefanya nini mkono?"

"Hakuna."

Katika maisha yangu sikuwa nimewahi kumnyima mama yangu kitu cha kubebwa. Aliushusha mzigo, akafuta uso kwa kitambaa cha kichwa, na nikaona anafikia uamuzi. "Ni yeye," akasema. "Ati sasa amekufundisha unikatae." Nikamwacha hapo na nyasi zake nikaenda mbio, mkono mmoja ukipiga hewa, mwingine umeganda. Hata leo nikikumbuka nacheka, kisha nakumbuka ni nani aliyelipishwa kosa hilo jioni ile, nami naacha kucheka.

Daktari alitazama kwenye hadubini kwa muda mrefu. Akageuza kioo kielekee dirishani. Akatazama tena. Akafungua daftari lake la madume, akaandika, na mimi nikasoma juu ya bega lake. Aina: *wa kienyeji*. Rangi: *kahawia*. Hali ya mwili: *nzuri, lakini kifua*. Hapo akaweka nukta.

"Wako wachache," akasema. "Wachache sana. Na hawa wachache hawana haraka. Wanazunguka kama watu wametoka mkutano na hawajaambiwa kitu."

Muda wote huo nilikuwa nimemtazama Nyawira akinywa ile mizizi, na sikuwahi kufikiri, hata mara moja, kwamba bakuli lile lilipaswa kuwa langu.

"Dume linakula nini?" Daktari akauliza.

Nikamweleza. Ugali, mboga, maini ya kuku. Nilipofika kwenye kuponda vidonge akanyanyua mkono. Alinifanya nirudie: vidonge gani, vingapi, ndani ya banda la namna gani, na mikono mitupu au la. Kisha akavua kofia. Safari hii hakuitazama; alinitazama mimi.

"Hiyo kitu iko na homoni ya kike," akasema. "Inaitwa estrojeni. Dume likiipata kwa wingi, ubongo unaona, aa, hapa kuna ya kutosha, kiwanda kifungwe. Sasa dume linaponda, linavuta vumbi, linalamba mikono, linakula ini. Sitaapa ndiyo hiyo. Lakini dume liache leo. Leo, si kesho. Mbegu mpya huchukua karibu miezi mitatu kuiva. Tuangalie baada ya nne."

Nilimuuliza nimlipe nini. Masikio yakawa mekundu. "Dume liko na mama?" akauliza.

"Liko."

"Basi limwambie mama yake ni nani mgonjwa. Jike huko nyumbani anapewa dawa haimhusu. Hiyo ndiyo bei."

Nikamwahidi. Nilikuwa tayari kumwahidi chochote.

Vidonge nilivizika chini ya migomba, na kifua kikaacha kuuma. Miezi minne ilipotimia nilipeleka chupa nyingine, nikipitia njia ya nyuma ya mto ili nisikutane na mtu wa kunyanyuliwa mzigo, na Daktari akatazama, akatazama, akacheka peke yake. "Njoo uone," akasema, na ndiyo mara ya pekee aliyonipa kiti chake. Walikuwa wengi, na walikuwa na haraka. Mwaka uliofuata, kabla ya kahawa kuiva, akazaliwa Wairimu.

Mama yangu alilia akimpokea. Alimwita wajina wake, kama desturi ilivyo, akamfunga kwa shuka lake mwenyewe, akampeleka kanisani kila Jumapili. Na kila Jumapili alieleza ilivyokuwa: mkaza mwanangu alikuwa na tumbo baridi miaka minne, nikamchemshia mizizi, sasa oneni. Watu walimpigia makofi. Nyawira alikaa kwenye benchi la nyuma akitazama mbele. Nyumbani nilimwambia, nitasema. Akasema, "Sema ukiwa tayari." Hakuniuliza tena, na mimi nikachukulia hilo kuwa ruhusa ya kunyamaza.

Daktari ndiye aliyeuliza. Kila nilipokutana naye, hata kwa mbali, sokoni, kwenye kituo cha maziwa, alipunguza mwendo wa pikipiki. "Dume limesema?" "Bado." Akaongeza mwendo.

Ningekuwa na kisingizio kama yeye mwenyewe angekuwa mtu asiyekiri makosa. Lakini hebu sikia alichofanya. Baada ya mambo yangu alikuwa amekwenda kwenye mkutano wa wanaume wa kanisa na kuwaonya juu ya vidonge vya kuku, akizungumza juu ya madume tu, bila kunitaja. Alisema estrojeni ni ya kike, na dume likiwa nayo hata tone moja limeharibika. Wanaume wakaingiwa na hofu kubwa. Mmoja akaacha maziwa, kwa kuwa yanatoka kwa ng'ombe jike. Mwingine akahamishia kitanda chake ghalani, mbali na mkewe.

Miaka miwili hivi ikapita. Mpwa wake aliyekuwa akisomea dawa za mifugo Nairobi akamletea makaratasi yenye utafiti mpya. Daktari aliyasoma wiki mbili, kamusi kando yake, kisha akaitisha wanaume tena. Alikuja na sufuria, kiazi na chumvi. Akakikata kiazi, akanyunyiza chumvi, akaketi akitutazama mpaka maji yakaanza kutoka.

"Mmeona?" akasema. "Chumvi ikienda mahali, maji huifuata. Sasa, mbegu ya dume ikitoka kiwandani inaelea kwa maji mengi, kama kahawa yetu kwenye mfereji wa kuoshea. Hayo maji lazima yaondolewe njiani, ili mbegu ifike imekaribiana, iko na nguvu. Kuna mirija midogo sana, na ukuta wake unavuta chumvi kutoka ndani, maji yanafuata. Na anayeamuru ukuta uvute chumvi ni nani?" Akakinyanyua kiazi. "Estrojeni."

Wanaume wa mbele wakarudisha viti nyuma.

"Panya dume wakinyimwa kabisa amri ya hiyo homoni, maji hayavutwi. Yanarudi nyuma, yanajaa kiwandani mpaka kiwanda kinaharibika. Kwa hivyo kila dume iko nayo, na inaihitaji. Ikizidi ni mbaya, ikikosa ni mbaya. Mimi nilisimama hapa nikawaambia hata tone moja. Niliwadanganya. Nilikosea. Naomba msamaha."

Unafikiri walimshukuru? Walikasirika kuliko siku ya kwanza. Kuambiwa umedanganywa ni jambo dogo. Kuambiwa una kitu cha kike mwilini mwako, na kwamba bila hicho huna watoto, hilo lilikuwa tusi. "Labda wengine wako nayo," alisema mzee mmoja mwenye watoto kumi na mmoja, akivaa koti lake. "Mimi sina." Daktari alimfuata mpaka langoni akimweleza kwa upole kwamba yeye, kwa hesabu, huenda ndiye aliye nayo sawasawa kuliko wote. Wale ambao hawakufika mkutanoni aliwafuata nyumbani kwao, mlango kwa mlango, na kiazi mfukoni. Yule wa ghalani alikubali kurudi kitandani. Mke wake hakuwa na haraka ya kumpokea.

Mimi niliona yote hayo. Nilimwona mtu mzima akizunguka kijiji kizima akisema nilikosea, nilikosea, na bado sikuweza kutembea hatua ishirini mpaka jikoni kwa mama yangu.

Mara ya mwisho alipokuja kwetu ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Alikuja kwa miguu. Pikipiki ilikuwa imeuzwa, mkono wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka, na binti yake wa kwanza, aliyekuwa na kazi kwenye shamba la maua huko Timau, alikuwa amemwambia ahamie kwake. Alikuwa akipita kuaga. Mama alimpikia chai, akamketisha nje penye jua, Wairimu akapanda mapajani mwake bila kualikwa. Nyawira alikuwa zizini akikamua. Mimi nilikuwa nimesimama, nikingoja swali lake, na safari hii halikuja. Alikunywa chai yake tu.

Mama ndiye aliyeanza. Alimshika Wairimu shavu akasema, "Huyu, Daktari, ni mizizi yangu. Miaka minne. Yule mama yake alikuwa ameganda kabisa. Na sasa unaona, wa pili hajakuja, ameganda tena. Naenda kuanza kumchemshia."

Daktari aliweka kikombe chini. Masikio yalikuwa mekundu. Akamtazama mama, akaitazama kofia, akamtazama mama tena.

"Mama," akasema, "mimi niliwahi kupima dume moja kutoka hili boma."

"Hapa hatujawahi kuwa na dume," mama akasema. "Hata wewe unajua."

"Najua," akasema Daktari. Hakunitazama hata. Alimshika Wairimu asianguke, akatazama mlima, na akaniachia nafasi iliyobaki.

Nikasema, "Ni mimi, mama."

Ilikuwa kama nimesema kwa sauti ya mtu mwingine. Kisha yakatoka yote, vidonge, chupa, mkono uliogoma kunyanyua nyasi, daftari la madume. Nyawira hakuwahi kuwa na tatizo lolote, nikasema, na sasa tukichelewa ni kwa sababu sisi wawili tumeamua kungoja. Mama alisikiliza bila kupepesa. Nilipomaliza aliinuka, akajishika magoti, akaenda zizini, na sisi tukasikia kila neno kwa kuwa zizi ni la mbao.

"Nyawira. Wacha hiyo ng'ombe kwanza. Nimekukosea miaka hii yote. Nilikunywesha uchungu wa mtu mwingine na nikakutangaza kanisani. Jumapili nitasimama niseme. Mimi sijui vile watu huomba msamaha, sijawahi. Naomba."

Ndoo ikawekwa chini. "Keti, mama," Nyawira akasema. "Keti, hiyo miguu itakuuma."

Akatoka nje akijifuta mikono kwenye leso. Macho yalikuwa yamejaa, lakini hakulia. Alimsalimia Daktari kwa mikono miwili, akamshukuru, akamchukua Wairimu kutoka mapajani mwake. Kisha akanigeukia, na akazungumza polepole, bila hasira, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

"Ni mimi, mama," akasema. "Maneno matatu, Baba Wairimu. Ulikuwa umeyaweka wapi?"

Daktari alitazama kofia yake. Mimi sikuwa na kofia.